Mishale Myekundu ya Penina

Soko la mahindi la Kibaigwa lilikuwa limefurika. Malori yalijipanga mpaka kando ya barabara kuu, wapagazi walipita mbio na magunia mabegani, na vumbi la pumba lilikuwa limewapaka watu wote rangi moja. Katikati ya kelele hizo, mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya pama alikuwa amemkaba dada mmoja shingo na kumbana kwenye tairi la Fuso.

"Unaniletea pete mbele ya madalali wenzangu? Unaniaibisha mimi?"

Dada huyo alikuwa Penina. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, na mtandio wake ulikuwa chini, unakanyagwa. Alichagua kurudisha pete ya uchumba mchana, sokoni, akidhani kwamba mbele ya watu mchumba wake, dalali Bartolomayo, hatathubutu kumpiga. Alithubutu. Na watu walitazama tu, kwa sababu dalali yule ndiye aliyepanga mzigo wa nani uuzwe kwanza.

Stanley, fundi wa kuchomelea kutoka Kizota, Dodoma, alikuwa pale kufunga geti jipya la ghala. Aliweka nyundo chini, akamshika Bartolomayo kola na kumvuta. Bartolomayo aligeuka na ngumi iliyompasua Stanley mdomo. Stanley akamjibu kwa kichwa. Pua ililia kama kijiti kinachovunjika, damu ikalowesha shati jeupe.

"Twende, dada," Stanley alisema, akitema mate mekundu. "Kabla hajapata wenzake."

Ndani ya pikapu ya karakana, wakirudi Dodoma, Penina aliutazama mdomo wake uliovimba.

"Meno yako yote yapo, kaka?"

"Ulimi unasema yapo. Wewe shingo?"

"Inageuka." Alijaribu kutabasamu. "Mimi ni Penina. Nafanya kazi steshenari, Makole. Ofisi ikipata mfumo mpya wa kompyuta, nawatengenezea maelekezo. Napiga skrinshoti, yaani picha ya kile kilichopo kwenye skrini, halafu nachora mishale myekundu: bonyeza hapa, andika jina hapa."

"Kwa hiyo unalipwa kwa kuchora mishale?"

"Na wewe si unalipwa kwa kuunguza vyuma?"

Stanley alicheka mpaka jeraha la mdomo likafunguka upya.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. "Umekula, mama?" "Nimekula, baba mageti. Wewe je, umeunguza nini leo?" Jioni Stanley alimfuata kazini akiwa ameoga na kuvaa shati la mistari, ingawa harufu ya chuma haikumtoka mikononi. Penina aliipenda harufu hiyo.

Lakini Bartolomayo naye alikuwa anaandika. Meseji zake ziliingia wasapu mchana kweupe, zinasomwa, halafu anazifuta. *Nitakuvunja taya. Huyo mchomeleaji nitamkata mikono.* Penina alikwenda dawati la jinsia polisi, akamkuta Afande Evarista, mama mtu mzima mwenye miwani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Anafuta? Basi muwahi. Namba yake ionekane, tarehe na saa vionekane. Na usikate chochote."

Penina akaacha wasapu wazi kwenye kompyuta ya kazini. Meseji ikiingia tu, vidole vyake vilikimbilia vitufe, skrini inafifia, anavuta mraba kuzunguka mazungumzo yote, picha imenaswa. Kisha anachora: mshale kwenye namba, duara kwenye saa, rangi ya njano juu ya maneno ya kuua. Pembeni anaandika: *Imefutwa na mtumaji baada ya kusomwa.* Kazi aliyoifanya kufundisha makarani, sasa aliifanya kuokoa maisha yake. Kila picha ilikwenda kwa Evarista.

Penina hakumwambia Stanley. Alikuwa ameona alivyompiga Bartolomayo kichwa kule Kibaigwa, na aliogopa kwamba Stanley akijua ataua mtu.

Kisha ikaja hii: *Kesho usipokuja Kibaigwa, namchoma mama yako ndani ya nyumba.*

Penina alijibu: *Nitakuja.* Halafu tena: *Mama yangu mwache.*

*Nitakusubiri, mke wangu,* aliandika Bartolomayo.

Penina alinasa yote, akampeleka mama yake kwa ndugu, akakimbilia polisi. Evarista alimwambia asiende Kibaigwa, aende kazini kama kawaida. Askari ndio watakaokwenda Kibaigwa kumkamata.

Bartolomayo naye alipiga skrinshoti yake. Akakata tishio la juu. Ile ya Penina kuhusu mama yake alikuwa ameshaifuta, kwa hiyo zilibaki meseji mbili tu: *Nitakuja*, na chini yake, *Nitakusubiri, mke wangu.* Akamtumia Stanley, kwa namba ya fundi iliyoandikwa kwenye geti la ghala.

Simu ya Penina iliita jioni hiyo.

"Unakwenda Kibaigwa kesho?" Sauti ya Stanley ilikuwa nzito.

"Nani kakwambia?"

"Jibu! Ulimwandikia utakwenda, hukumwandikia?"

"Nilimwandikia, lakini Stanley, sikiliza..."

"Nilimwaga damu kwa ajili yako, kumbe nawachelewesha tu!"

Akakata. Penina alipiga tena na tena. Simu ilikuwa imezimwa.

Kesho yake mchana Stanley hakuweza kushika kazi. Aliondoka Kizota akaenda Makole, akitaka kumtazama Penina machoni na kumtukana. Alipofika ng'ambo ya barabara, alimwona Bartolomayo akiingia steshenari na kitu kilichofungwa gazeti. Askari walikuwa wanamtafuta Kibaigwa wakiwa na picha za meseji zake, na madalali wenzake walikuwa wamemtonya. Yeye alikuwa hapa.

"Basi, ni kweli," Stanley alijisemea, akageuza mgongo.

Ndipo Penina alipopiga kelele.

Gazeti lilikuwa limefunika panga. Bartolomayo alipiga skrini ya kwanza, ikapasuka. Akapiga ya pili. Penina aliinua mkono kujikinga, ubapa wa panga ukatua juu yake, mfupa ukavunjika. Alianguka kati ya vioo, na Bartolomayo akamkanyaga mbavu.

"Picha! Umepeleka picha zangu polisi!"

Stanley aliingia na stuli. Aliivunjia mgongoni mwa Bartolomayo. Panga likazunguka, likamchana Stanley bega mpaka nyama nyeupe ikaonekana, lakini alimrukia, wakaangusha meza na mashine ya kutolea kopi. Panga likateleza mbali. Stanley alinyakua waya wa kompyuta, akauzungusha shingoni mwa Bartolomayo na kuvuta. Macho yalimtoka dalali. Visigino vyake vilipiga sakafu.

"Mwache!" Penina alitambaa juu ya vioo. "Stanley, mwache! Ukimuua, atakuwa ametushinda wote. Mwache, mpenzi!"

Stanley aliendelea kuvuta. Penina alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akaung'ang'ania, akilia. Taratibu vidole vililegea. Bartolomayo akakohoa, akatapika. Majirani walimfunga kwa waya uleule mpaka polisi walipofika.

Hospitalini, Penina akiwa na plasta ngumu mkononi na Stanley na nyuzi begani, Evarista alimpa Stanley picha zilizochapishwa. Alisoma mshale baada ya mshale. Alipofika kwenye ile ya mwisho, nzima, alikaa chini.

"Peni..."

"Alikutumia kipande, ukakiamini," Penina alisema. "Mimi nilikupigia, ukazima simu. Na ulikuwa umegeuka kuondoka, watu wamenisimulia."

"Ni kweli. Niligeuka."

"Nenda, Stanley. Nimechoka na wanaume wenye hasira."

Alikwenda. Lakini kila asubuhi alituma meseji moja: *Umeamkaje? Si lazima ujibu.* Siku Penina alipotoa ushahidi mahakamani, picha zikaonyeshwa moja baada ya nyingine, Stanley alikaa benchi la nyuma, kimya, hata pale Bartolomayo alipomrushia tusi. Ngumi zake zilibaki magotini. Penina aliziona.

Hakimu alimfunga Bartolomayo jela. Nje, upepo wa Dodoma ulikuwa unarusha vumbi na mifuko. Penina, katika gauni la njano na mkono uliopona vibaya kidogo, alisimama mbele ya Stanley.

"Yule baba yako mdogo uliyeniambia yuko Mpwapwa, ana simu?"

"Anayo. Kwa nini?"

"Mpigie. Mwambie mama yangu yupo nyumbani Jumapili baada ya ibada. Aje kuniposa, na aje na wazee wenye adabu."

Stanley aliitoa simu mfukoni, lakini vidole vyake vilishindwa kulitafuta jina.

"Lete," Penina akasema, akaipokea. "Anaitwa nani?"