Hodi Kwenye Ukuta Uliopasuka

Kila Jumamosi mimi Cécile husafisha hekalu la Wabudha hapa Dallas, na kanisani kwangu wameniombea niache hadi wamechoka wenyewe. Kazi ni kazi. Wiki ile ardhi ilitetemeka, ukuta wa nyuma ukapasuka, hekalu likafungwa. Mtawa mmoja akanipigia simu: niende niokote picha za marehemu wao zilizoanguka, kabla mafundi hawajaingia.

Nilifika jua likizama. Binti yangu Kethia, wa miaka kumi, nilimwacha peke yake kwenye apatimenti yetu, mtaa wa Vickery Meadow. Nilimwambia asimfungulie mtu.

Nikavua viatu mlangoni. Ndani kulinuka ubani na vumbi la saruji. Lakini mimi siingii kwa watu kimyakimya, nimelelewa.

"Hodi?"

Sauti ikajibu kutoka chumba cha picha:

"Karibu."

Nilifurahi, sikufichi! Miaka mitatu pale sijawahi kusikia Kiswahili. Nikamkuta bibi mwembamba ameketi sakafuni, katikati ya vioo vilivyovunjika, ameinamisha kichwa.

"Mama, unakaaka wapi?"

"Hapa," akanong'ona. "Nyumba ilivunjika."

Nikamhurumia kweli. Mdomo ukasema kile tunachosemaga bila kufikiri:

"Pole, mama. Karibu kwetu, basi. Vickery Meadow, ghorofa ya pili, namba kumi na nne."

"Asante. Nitakuja."

Nikainama kuokota picha. Nazijua zote, mimi ndiye ninayezipangusa. Ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja aliyeketi kwenye kiti cha mbao.

Kiti kilikuwepo.

Bibi hakuwepo.

Niligeuka. Hakukuwa na mtu… Nyayo za miguu mitupu tu, kwenye vumbi, zikielekea mlangoni. Na viatu vyangu havikuwepo.

Nikaendesha gari peku, nikampigia mwanangu.

"Kethia! Usifungue mlango!"

"Mom, relax. Bibi ameshafika. Alisema hodi, so nikasema karibu, kama ulinifundishaka. Amevaa viatu vyako."

Simu ikakatika.

Nilipanda ngazi nikilia. Mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa ndani, ufunguo wangu haukuzunguka. Nje, viatu vyangu vilikuwa vimepangwa vizuri, kama vile vinavyopangwa hekaluni. Kando yake, vya Kethia.

Harufu ya ubani ilipita chini ya mlango…

"Hodi," nikasema, kwenye mlango wangu mwenyewe.

"Karibu," ikajibu sauti.

Haikuwa ya mwanangu.