Kuchagua Mwanzi wa Mbasa

Kila alipotoka shule, Kisa alibadili sare, akateka maji, akampikia uji mdogo wake Jubilate, kisha akachukua mwanzi wa kuvulia na kushuka hadi pale Mto Mbaka unapoingia ziwani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, Ezra, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua baada ya mavuno ya mpunga, na tangu hapo kazi ya kutafuta kitoweo ilimwangukia yeye.

Mama yake, Neema, alikuwepo nyumbani, lakini ilikuwa kama hayupo. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akitazama mvua inavyojaza uwanja maji. Ukimsalimia aliitikia. Ukimpa chakula alikipokea, na jioni ukakikuta palepale, kimepoa. Majirani waliokuwa wakileta ndizi na samaki wakati wa matanga walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao.

Jubilate, ambaye hata chekechea hajaanza, alikuwa akidhoofika. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyayo zake zimevimba kidogo. Muuguzi wa zahanati alimweleza Kisa kwa upole kwamba uji mtupu haumtoshi mtoto, anahitaji samaki, maharage na mayai, na kwamba mama yake amlete haraka. Kisa alifika nyumbani akayarudia maneno hayo yote. Mama alisema amesikia, akajilaza na kugeukia ukutani.

Ulikuwa msimu wa mbasa. Mvua zikizidi, samaki hao hukusanyika mdomoni mwa mto ili wapande juu kutaga mayai, na mbasa mmoja hutosha familia nzima. Ezra alikuwa ameacha mianzi miwili. Mmoja ulikuwa mwembamba na mwepesi, wa kuvulia samaki wadogo kwa minyoo. Mwingine ulikuwa mzito, mnene kitakoni, umekaushwa polepole kwa moshi wa jikoni, na huo aliutumia kwa mbasa tu. Kwenye mshipi wake wa kuvulia alifunga chambo alichokitengeneza mwenyewe: kipande kidogo cha madini ya risasi chenye ndoana, kilichozungushiwa manyoya meupe ya kuku. Ukikizamisha na kukiinua taratibu, mbasa hudhani ni dagaa anayekimbia.

Kisa alikifungua chambo kile, akakifunga kwenye mwanzi mwembamba. Ule mzito aliuacha juu ya boriti, kando ya koti la baba yake. Aliwahi kuushusha siku moja. Ulimlemea mikono, na ulinukia moshi na tumbaku, harufu ya baba yake kabisa, akaurudisha upesi.

Mtoni, mbasa walikuwa wakiuma. Kila mara Kisa aliuhisi mvuto, akavuta kwa nguvu zake zote, na mwanzi ukapinda kuanzia nchani hadi mkononi kama jani la mgomba. Samaki alitikisa kichwa, akakitema chambo, akaenda zake. Asifiwe, msichana aliyesoma naye darasa moja, alivulia jirani yake na aliona yote.

"Ndoana haimwingii," Asifiwe alimwambia. "Mwanzi wako unapinda wote, nguvu yako inaishia njiani. Huo si wa mbasa."

"Nimeuzoea huu," Kisa alijibu, akatazama pembeni.

Nyumbani alisema samaki hawapo. Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema tena siku zilizofuata, na kila aliporudia uongo ule ulikuwa rahisi zaidi kutamka.

Kisha ikaja siku ambayo Jubilate hakutaka kusimama. Alikaa chini akilia kwa sauti ndogo iliyochoka. Kisa alikuwa amerudi mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza mama yake aliuliza kama amekosa tena. Akamjibu kuwa samaki hawapo. Wakati huohuo Asifiwe alipita njiani akiwa na mbasa wawili wanene waliotungwa kwenye kamba. Neema aliwatazama samaki wale mpaka wakapotea nyuma ya migomba.

"Samaki wapo," alisema.

Kisa akaanza kulia. Alieleza kwamba wanauma na anawapoteza, kwamba mwanzi anaotumia haufai, kwamba anaujua unaofaa lakini unamchosha, tena anaogopa kuushika kwa sababu ni wa baba.

Neema alitazama juu kwenye boriti. Kisha akainuka kwa shida, kama mtu aliyeugua. Akapanda juu ya kigoda, akaushusha mwanzi mzito, akaupangusa masizi kwa ncha ya kanga, akaufungia kile chambo. Akamfunga Jubilate mgongoni, na wote watatu wakashuka mtoni mvua ikinyunya.

Njiani alisimulia kwamba walipokuwa wapya katika ndoa, Ezra alimfundisha kuuchagua mwanzi. Alimfundisha kwamba ncha inapaswa kuwa nyepesi ili ikupe habari ya samaki akigusa, na kitako kigumu ili ndoana iingie ukiinua. Ukipinda wote, haufai. Ukiwa mgumu wote, humsikii samaki.

Mtoni Kisa ndiye aliyeushika mwanzi, na mikono yake ilianza kuuma mapema. Alimtazama mama yake akitumaini atampokea, lakini mama hakumpokea. Kisa aliirusha risasi, akaiinua, akaishusha, akarudia. Kitu kikagonga nchani, kidogo sana.

"Sasa," mama alisema. "Inua."

Safari hii mwanzi ulipinda nchani tu. Samaki alivuta, akazunguka, akachoka. Hakuwa mkubwa kama wale wa Asifiwe, lakini alikuwa mbasa. Neema alipomshika alilia kwa sauti, akasahau kwamba watu wanamtazama.

Jioni alimchambulia Jubilate miba, akamlisha, na yeye mwenyewe akala. Alisema asubuhi atampeleka zahanati. Kisha akamwita Kisa akae karibu naye.

"Tulikosea wote wawili," alisema. "Wewe ulichagua mwanzi usiokuchosha, mimi nikachagua kukaa. Unapochagua kifaa, usiulize kipi ni chepesi. Uliza kazi yenyewe inataka nini, hata kama itakuumiza mkono. Na ukishindwa, sema umeshindwa. Ule uongo wako ungemuua mdogo wako, na mimi nikiwa hapahapa."

"Nilikwambia maneno ya muuguzi, mama. Hukunisikia."

Neema aliepua maji motoni. Alimshika binti yake mkono uliovimba, akaanza kuukanda kwa maji ya moto.

"Ndaga, mwanangu," alisema, akimshukuru. "Siku nyingine nisiposikia, niambie mara ya pili. Nisiposikia tena, niinue."