Mwanga Aliousubiri Ketill

Majirani zangu wa Dalvík, mji wetu mdogo wa pwani ya kaskazini, na ninyi wa mbali mtakaoyasoma haya, nataka niwaeleze yaliyoipata nyumba ya kaka yangu Ketill. Sina nia ya kumwaibisha. Mwenyewe aliniambia, "Dagný, waambie watu. Mimi nikianza nashindwa kufika mwisho." Sehemu niliyoishuhudia nitaisema kama nilivyoiona. Ile nisiyokuwepo nilisimuliwa na yeye, kisha nikasimuliwa na mkewe, na maneno yao hayakupishana.

Ilikuwa Jumapili, mwanzoni mwa Septemba, tumekaa jikoni kwao. Ghuba ilikuwa imetulia na milima ya ng'ambo imeanza kupata weupe kidogo vileleni. Wifi yangu Steinunn alikuwa akikaanga chapati nyembamba za maziwa, na Ketill akizipaka jamu na kuzila kabla hazijafika mezani.

"Wifi, kaka yako ana tumbo la farasi," Steinunn aliniambia.

"Lawama mpe mpishi," Ketill akajibu, mdomo umejaa.

Ketill ni fundi umeme. Lakini ukimuuliza mtu wa hapa kwetu Ketill ni nani, atakwambia ni yule mpiga picha. Kwa miaka mingi alikuwa akizunguka nchi nzima kupiga picha za maporomoko ya maji, barafu, na mawe yaliyomwagwa na volkano. Alizitia mtandaoni, na watu wa nchi ambazo hata hajafika wakamsifu. Steinunn hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisema kwa mzaha, "Waume wa wenzangu wanakunywa. Wa kwangu anapiga mawe picha. Nani ana nafuu?"

Siku hiyo alizima jiko, akakaa, akafuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa Akureyri kwa daktari wa macho," alisema. "Ni ugonjwa uleule wa baba."

Tulimkumbuka babake. Macho yake yalianza kufa kwa pembeni, yakabaki kama ya mtu anayechungulia ndani ya bomba, mwishowe hata bomba likaziba. Steinunn alikuwa tayari haoni kitu jioni wala alfajiri. Kwenye mwanga hafifu alikuwa akipapasa ukuta. Mchana, jua likiwa kali, bado aliona vizuri mbele yake. Daktari alimwambia hata hayo ya mchana huenda yasiuvuke mwaka.

Ketill alimshika mkono. "Unataka nini, Steina? Sema chochote."

"Nataka kwenda kwetu Strandir. Jumamosi hii ni siku ya kukusanya kondoo waliokuwa milimani na kuwagawa. Watu wote wa kule watakuwa zizini, na mama atakuwepo. Nataka nizione nyuso zao zote kwa pamoja, niziweke kichwani. Na njiani unioneshe nchi, taratibu. Ndilo ombi langu."

"Tutatoka Jumatano," Ketill alisema. "Safari ni yako. Mimi ni dereva tu."

Aliyasema akiwa na machozi, na naamini aliyamaanisha. Lakini Jumatano nilipokwenda kuwaaga, niliona buti la gari limejaa mifuko ya lenzi na stendi mbili za kamera, na sanduku la Steinunn limewekwa kiti cha nyuma, juu ya koti la mvua.

Ndugu msomaji, hapa ndipo unapohitaji kuelewa jambo moja la wapiga picha. Mchana, saa ambayo sisi tunaona kila kitu, wao huona kimeharibika. Wanapenda jua linapochomoza na linapozama, vivuli vikiwa virefu na milima ikiwa na rangi ya shaba. Kwa hiyo saa alizozitaka Ketill ndizo saa ambazo mkewe alikuwa kipofu.

Kule Skagafjörður alimwamsha kabla hakujapambazuka, wakaenda kwenye poromoko la maji. Steinunn alisimama kwenye ubaridi, ameshika kitasa cha mlango wa gari, akisikiliza maji asiyoyaona. Jua lilipopanda na yeye akaanza kuona ukungu wa maji, na farasi malishoni, na nyumba ndogo yenye paa jekundu ng'ambo ya mto, Ketill alikuwa akifunga mifuko yake.

"Subiri kidogo," Steinunn alisema. "Sasa ndiyo naona."

"Sasa mwanga ni mbaya, Steina. Kila kitu kimekuwa bapa. Twende tukapumzike, jioni tutakuwa kwenye jabali la Vatnsnes."

Wakaenda nyumba ya wageni, Ketill akafunga mapazia, akalala. Steinunn alikaa pembeni ya kitanda, kwenye giza la kutengenezwa, huku nje kukiwa na siku ya jua ambayo kwetu Septemba hupatikana kwa bahati.

Alhamisi walifika rasi ya Vatnsnes, kwenye lile jabali lililosimama majini ambalo kila mwenye kamera ameshalipiga picha. Ketill mwenyewe alikuwa nalo tayari, mara nyingi. Lakini hakuwa nalo kwa mwanga aliokuwa akiuota. Jioni hiyo kulikuwa na mawingu. Ijumaa asubuhi mawingu. Walikuwa wamekubaliana kwamba Ijumaa mchana wataondoka kwenda Strandir.

"Ketill, mchana umefika," Steinunn alimwambia.

"Nimeangalia hali ya hewa. Mawingu yatapasuka jioni. Tukitoka kesho alfajiri tutawahi."

"Mama ameshatengeneza supu ya kondoo. Anatungoja leo."

"Supu ikilala inakuwa tamu zaidi. Steina, nipe jioni moja tu."

Alimpa. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikubali, akaniambia, "Wifi, uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto. Nikafikiri, nani ajuaye, labda kweli ni jioni moja."

Jioni mawingu hayakupasuka. Yalipasuka Jumamosi alfajiri, wakati walipokuwa wanapaswa kuwasha gari.

Ketill aliegesha gari juu ya genge, akasema, "Dakika chache tu, usitoke." Akashuka kwa njia ile ya mteremko mkali hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, akatembea mbali sana. Simu aliiacha kwenye mfuko, ameizima sauti.

Steinunn alisubiri. Kulikuwa na kijivu tu mbele yake. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena na tena. Akaanza kuwaza mambo mabaya, maana pale mawimbi hurudi kwa ghafla na mawe yana utelezi. Akafungua mlango akamwita. Upepo ukalichukua jina. Akasogea hatua chache ili sauti ifike, akidhani bado yuko kwenye nyasi. Hakuwa kwenye nyasi.

Aliyemkuta ni Gróa, mwenye shamba la karibu, aliyekuwa akifuatilia kondoo wake waliobaki nyuma. Mbwa wake ndiye aliyesimama na kubweka. Steinunn alikuwa ameangukia kwenye ukingo wa mawe katikati ya mteremko. Bega lilikuwa limevunjika mfupa, na damu ya paji la uso ikimziba macho. Gróa alimfunika koti lake, akaita msaada kwa simu, akakaa naye.

Jua lilikuwa limeshapanda Ketill aliporudi. Alikuja anakimbia, mashavu mekundu, akipiga kelele tangu chini, "Steina! Nimeipata! Nimeipata!"

Gróa hakuinuka. "Umepata nini, bwana?"

Ndipo Ketill alipoona.

"Wewe umepata picha," Gróa alimwambia. "Mimi nimempata mkeo. Haya, shika huku, na kamera iweke chini kabla sijaitupa baharini."

Kwenye kituo cha afya walimfunga bega na kumshona paji. Steinunn hakulia wala hakumkaripia mumewe. Aliomba simu akanipigia mimi.

"Wifi, njoo unipeleke kwa mama. Njoo wewe."

Nilipofika, Ketill alikuwa kwenye korido, kichwa mikononi. Nikamwambia, "Kaka, panda gari twende sote." Akasema aibu inamzuia, hawezi kumtazama mama mkwe machoni hali Steinunn yuko hivyo. Atakuja wiki ijayo. Labda ilikuwa aibu kweli. Lakini tulipokuwa tunaondoka nilimwona kupitia dirisha, ameshaifungua kamera anaitazama ile picha.

Tulifika Strandir Jumapili, jua likiwa juu. Zizi lilikuwa tupu, nyasi zimekanyagwa, na kondoo wameshagawanywa kila mmoja kwa mwenyewe. Mama Bergljót alikuwa mlangoni, kazivaa buti zake za mpira. Alimtazama mwanawe kichwa hadi miguu.

"Nani amekupiga?"

"Mteremko, mama."

"Ingia ule."

Steinunn alimweka mamake kwenye kiti cha dirishani, mahali jua linapomwagika, akakaa mbele yake, karibu, akamtazama. Alimtazama mpaka mama akachoka.

"Unanikagua kama ng'ombe wa kununua," mama alisema. "Unataka na meno?"

"Nataka na meno."

Mama akafungua kinywa, tukacheka wote watatu, kisha mama akageuka kutazama bahari, na tukaona anapangusa pua kwa leso.

Jirani mmoja alisikia habari hiyo. Akaja mchana, akakaa kwenye kiti kile, akanywa kahawa. Kesho yake wakaja wengine. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wanaingia, wanavua kofia, wanakaa pale juani kana kwamba wamekuja kwa kinyozi, wanaongea habari za kondoo na mafuta ya trekta, na Steinunn anawatazama. Mzee mmoja mnene aliuliza, "Nigeuke na ubavu?" Akaambiwa ageuke.

Steinunn aliamua kubaki kwa mamake. Nilirudi Dalvík, nikampigia Ketill kila nilipoweza.

"Nenda sasa," nilimwambia Oktoba. "Jua bado lipo. Anakuuliza."

"Nitakwenda, Dagný. Umeiona ile picha ilivyopokelewa? Wananiita Reykjavík, wanataka kuiweka kwenye maonyesho. Nikimaliza tu nitakwenda."

Steinunn naye alimpigia. Aliniambia alichomwambia kilikuwa kifupi: "Njoo wakati bado kuna jua."

Maonyesho yalikuwa Novemba. Picha ilitundikwa kwenye ukuta mweupe peke yake. Nilikwenda kuiona. Siwezi kusema uongo, ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Watu walisimama mbele yake na glasi mkononi, wakanong'ona. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya yule mpiga picha, juu ya genge, palikuwa na mwanamke anaita.

Ketill alikwenda Strandir Desemba, kwa ile ndege ndogo. Nilifuatana naye. Ninyi mnaijua Desemba ya kwetu. Kule Strandir jua halichomozi juu ya mlima kabisa, na adhuhuri ni kama jioni inayojaribu kuamka. Steinunn alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anafuma sweta kwa vidole bila kutazama.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi. Ketill."

"Karibu."

Alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, Steina. Nitazame."

Steinunn alikizungusha kichwa taratibu, kama mtu anayetafuta kitundu kwenye ukuta. Ketill akanyakua taa ya mezani, akaivuta mpaka waya ukakaza, akaisogeza karibu na shavu lake, karibu kiasi cha kujiunguza.

"Na sasa? Unaniona sasa?"

Steinunn aliusogeza uso kwenye joto la taa, kwa sababu alitaka kusema kweli.

"Naona taa, Ketill."

Mama Bergljót alitoka jikoni, akaiona ile taa, akarudi jikoni.

"Nina uso wa mama," Steinunn aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira. "Nina wa Dagný, na wa majirani wote. Wako nilikuwa naungoja. Wa mwisho nilionao ni ule wa Vatnsnes, siku ya Ijumaa, ulipokuwa unaangalia mawingu. Ni wa upande. Najaribu kuugeuza na haugeuki."

Alinyoosha mkono, akamgusa nywele, kisha paji, kisha macho yaliyokuwa yamelowa. Ketill aliiweka taa chini sakafuni.

Jua liliporudi Februari, lilimkuta Steinunn haoni tena hata mchana. Majira ya joto alirudi Dalvík, nyumbani kwake, na Ketill. Wanaishi. Ketill anamshika mkono barabarani, anamsomea gazeti, na Steinunn humtania kwamba anasoma vibaya. Picha Ketill bado anapiga, lakini hatoi tena udhuru. Akiitwa, anakuja. Kuna siku nilimkuta jikoni amekaa mbele ya mkewe anayesinzia, anamtazama tu, na nilipomsalimia akaweka kidole mdomoni, ninyamaze.

FUNZO

Ndugu zangu, kaka yangu si mlevi, hapigi, wala hakuacha nyumba na njaa. Alipenda kitu kizuri. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo nimelileta kwenu. Uzembe wa ndani ya nyumba hauji lazima na chupa mkononi. Unaweza kuja na kamera, na kazi, na sifa za watu wa mbali ambao hawatakuletea maji siku utakayougua.

Mtu wako akikuomba muda, mpe ule ambao yeye anaweza kuutumia. Usimpe wa saa zako. Na akikwambia anakungoja, usimweke nyuma ya mambo yatakayokuwepo hata kesho. Lile jabali la Vatnsnes bado limesimama majini, na alfajiri nzuri zitalijia nyingi. Macho ya Steinunn yalikuwa na Septemba moja.