Kisigino cha Kitsa

Kila siku ya soko, kabla jua halijachomoza, Kitsa alimsaidia baba yake Josaphat kuteremsha viazi kutoka shambani hadi mjini Butembo. Waliviteremsha kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na injini wala huruma. Baba alibeba magunia makubwa, naye Kitsa alikuwa na chukudu yake ndogo. Mteremko ulipozidi ukali, alikandamiza kisigino kwenye kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na kigari kikatii. Hakuna mtoto mtaani aliyemshinda kwa hilo, na mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Beni ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilipotulia kidogo, baba alipakia viazi kwenye lori, akamchukua na Kitsa hadi Bungulu, mtaa wa Beni, akamwacha kwa shangazi yake, Tantine Séphora, naye akarudi Butembo. Tantine alikuwa mwalimu, lakini shule yake ilikuwa imejaa wakimbizi kutoka Eringeti, wakilala hata madarasani. Binti yake Rébecca hakuwa na masomo wala michezo ya shule. Furaha iliyombakia ilikuwa Jumamosi kwenye bwawa la kuogelea la parokia.

Bwawa hilo liliachwa na tajiri mmoja wa kahawa aliyeondoka zamani. Kando yake palikuwa na mtelezo mrefu wa saruji, uliopinda nyuma ya ukuta, na maji yakitiririka juu yake kutoka kwenye tangi. Katekista Ananie alisimama bwawani kuwapokea watoto. Kwa kuwa hakuweza kuona kule juu, alikuwa ameweka sheria: mwenzako akishuka, imba ubeti mmoja mzima wa wimbo wa kanisa, ndipo na wewe ushuke.

"Mikono kifuani, miguu mbele, na usijizuie njiani," alimwambia Kitsa. "Umesikia, mutoto wa Butembo?"

"Papa Ananie, mimi ninashukaka na magunia ya viazi," Kitsa alijibu kwa majivuno. "Haka kamaji katanifanya nini?"

Watoto wakacheka. Rébecca akamvuta mkono. "Kitsa, mais sikiliza kwanza!"

Wapi! Rébecca alipomfuata hadi juu ya mtelezo, Kitsa alikwisha kukaa, akajiachia. Mwanzoni alipiga vigelegele. Alipofika kwenye kona, mwendo ukamtisha, na mguu ukafanya ulichozoea: kisigino kikakandamiza ukingo mkavu kwa nguvu. Loo! Kitsa akakwama katikati ya mtelezo, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Kule juu alimsikia Rébecca akianza ubeti wake. Alitaka kupiga kelele, "Ngoja!" lakini aliona aibu. Fundi wa miteremko yote ya Butembo aseme amekwama? Akajaribu kujinasua kimyakimya, huku Rébecca akiimba polepole mpaka neno la mwisho.

Rébecca akaja, akamgonga, na wote wawili wakaporomoka. Kitsa aliangukia mahali pa kina kifupi. Rébecca aliangukia kwenye kina kirefu, akazama, akaibuka, akazama tena. Ananie alimrukia, akamshika mkono, akamtoa nje akikohoa, mdomo ukivuja damu. Hofu ya katekista ikageuka hasira.

"Rébecca! Juu ya nini ulikata ubeti? Kwa nini hukuumaliza?"

"Hapana, Papa Ananie, niliimba wote!"

"Wote namna gani, na mumeanguka pamoja? Donc, hapa hutarudi tena."

Rébecca alimtazama Kitsa. Kitsa alitazama vidole vya miguu yake.

Nyumbani, Tantine aliwaandalia ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Rébecca hakumshtaki mtu. Alikaa tu, mdomo umevimba, akimsogezea mgeni bakuli la sombe kama alivyofundishwa. Hapo Kitsa akarudisha tonge sahanini. Machozi yakamtoka.

"Tantine, Rébecca hakudanganya," alisema. "Aliimba yote, nilimusikia. Ni mimi nilifunga breki na kisigino. Niliogopa kuchekwa, nikanyamaza."

Tantine hakumpiga wala hakufoka. Alimwambia anawe mikono, wakarudi wote watatu bwawani. Kitsa alirudia maneno yale yale mbele ya Ananie na watoto wote. Wengine walicheka kweli, na ilimuuma, lakini alimaliza.

Ananie akapiga magoti mbele ya Rébecca. "Unisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kuuliza."

Kisha Tantine akavua kandambili yake. "Tuko darasani sasa," alisema. Akaiweka kwenye ukingo mkavu, ikabaki palepale. Akaiweka penye maji. Ikateleza mpaka bwawani. "Kitsa, umeona nini?"

"Pakavu panashika, penye maji hapashiki," Kitsa alijibu. "Kwa chukudu mimi ndiye ninaendesha. Hapa maji ndiyo yananiendesha."

"Vema. Na ile kona, tuifanyeje?"

Kitsa alifikiri. "Mutu mumoja asimame pale, apige kelele kama njia iko wazi. Nitasimama mimi."

Alisimama kwenye kona mchana wote uliobaki, akiita "Njia wazi!" mpaka sauti ikakauka, na hakuna mtoto aliyegongwa tena. Jua lilipoanza kushuka, Tantine alimwita.

"Sikia, mwanangu. Kujua kazi ya kwenu ni jambo zuri, na ujivunie. Lakini ukifika mahali pageni, uliza na usikilize. Na ukikosea, sema mapema, hata kama watacheka. Kicheko kinapita. Leo kunyamaza kwako kulitaka kutunyang'anya Rébecca. Hilo ndilo utakalompelekea baba yako kutoka Beni."

"Ndiyo, Tantine."

"Haya, nenda ushuke mara moja."

Kitsa alikaa juu ya mtelezo, mikono kifuani, miguu mbele. Akashuka kama alivyoelekezwa, akatua majini akicheka. Zamu ya Rébecca ikafuata. Aliimba ubeti mzima, akatega sikio kuelekea kwenye kona, kisha akauimba tena tangu mwanzo kabla ya kujiachia.