Sauti ya Babu Zakaria

Sogeeni, watoto, sogeeni karibu. Leo tunakwenda mbali, kwenye vilima vya Yudea. Huko aliishi msichana mdogo aitwaye Tirza.

Jirani naye waliishi Bibi Elisabeti na Babu Zakaria. Bibi alikuwa na mvi. Babu alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi! Hawakuwahi kupata mtoto. Lakini walimpenda sana Tirza, mjukuu wa ndugu yao.

Babu alikuwa kuhani, na sauti yake ilikuwa nene.

"Shikamoo, Babu!"

"MARAHABA!"

Kuku wote waliruka. Kwaaa!

Siku moja Babu alirudi kutoka Hekaluni. Tirza akakimbia kumlaki.

"Shikamoo, Babu!"

Babu akafungua mdomo. Kimya. Kuku wakaendelea kudonoa. Tok, tok, tok.

Babu akapunga mikono. Juu, chini. Juu, chini.

"Ndege?" Tirza akauliza. Babu akatikisa kichwa.

"Bata?" Babu akatikisa kichwa tena. Akakunja mikono, akabembeleza hewa.

"Bata amelala?"

Babu akaketi chini. Phuuu!

Bibi akamletea kibao cha kuandikia. Babu akaandika, kwaru, kwaru, kwaru. Bibi akasoma polepole.

"Malaika amekuja... Tutapata mtoto... Nami sikuamini. Sitasema mpaka haya yote yatimie."

Bibi akashika shavu. "Mtoto! Sisi!" Akacheka. Akalia kidogo. Akacheka tena.

Tirza akazitazama mvi za Bibi. Moyoni akasema, "Mtoto? Haiwezekani."

Halafu akashtuka. Lo! Hata yeye hakuamini! Je, na sauti yake itapotea?

Akakimbia nyuma ya nyumba.

"Aaa! Eee! Ooo!"

Sauti ipo bado.

Asubuhi akaamka na wasiwasi. "Aaa! Eee! Ooo!"

Sauti ipo bado.

Mchana, mkate ukiwa mdomoni: "Aaa! Eee! Ooo!"

"Tirza!" mama akasema. "Meza kwanza!"

Mwisho Tirza akachoka kuogopa. Akaenda kwa Bibi, akamnong'oneza sikioni.

"Bibi, na mimi siamini. Wewe ni mzee mno."

Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mzee kweli! Magoti yangu yananiambia kila siku."

"Mungu atanikasirikia?"

"Njoo hapa, mwanangu." Bibi akampakata. "Babu hakuamini. Je, Mungu amemwacha?"

Tirza akamtazama Babu. Babu alikuwa akichonga kitanda kidogo cha mtoto, huku akitabasamu.

"Hapana," Tirza akasema.

"Na mtoto anakuja vilevile. Ukiwa na shaka, njoo uniambie. Tutangoja pamoja."

Basi wakangoja pamoja. Tumbo la Bibi likakua. Likakua. Likakua tena!

Siku moja Tirza akaweka mkono juu yake.

Tuk!

"Bibi! Amenipiga teke!"

"Anakuamkia."

"Marahaba, mtoto!" Tirza akasema. Na moyoni mwake shaka ikayeyuka.

Kisha, alfajiri moja: Ngaa! Ngaa! Ngaa! Mtoto wa kiume!

Ndugu na majirani wakajaa uani siku ya kumpa mtoto jina.

"Aitwe Zakaria, kama baba yake," wakasema.

"Hapana," Bibi akasema. "Ataitwa Yohana. Ndivyo malaika alivyomwambia baba yake."

"Yohana? Katika ukoo wetu hakuna Yohana!" akasema shangazi mmoja. "Elisabeti amechoka tu, maskini. Hajui asemalo."

Wote wakaongea kwa pamoja. Bla bla bla! Hakuna aliyemsikiliza Bibi.

Tirza akamwona Bibi ameinamisha kichwa. Akapanda juu ya kigoda.

"Mimi namwamini Bibi!"

Wote wakageuka kumtazama.

"Mwulizeni Babu," Tirza akasema. Akamkimbilia Babu na kibao.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Shangazi akachungulia, akasoma: "Jina lake ni Yohana."

Babu akaweka kibao chini. Akakohoa. Ehem. Akafungua mdomo.

"ASIFIWE MUNGU!"

Kuku wakaruka. Mbuzi wakaruka. Hata shangazi akaruka!

Babu akaimba. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru Bibi, aliyemvumilia. Akasimulia habari za malaika, mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia mwanzo. Maneno ya miezi mingi yalimtoka kama maji!

Jua likazama. Wageni wakaenda zao. Babu bado alikuwa akiongea.

Tirza akajilaza mkekani, karibu na kitanda cha mtoto. Macho yalikuwa mazito.

"Babu," akasema, "nyamaza kidogo. Yohana anasinzia."

Babu akafunika mdomo kwa mikono miwili. Akainama, akawabusu wote wawili.

"Lala salama, Tirza," akanong'ona.

Lakini Tirza alikuwa ameshalala.