Miche Iliyozeekea Gizani

Kila asubuhi mimi na mume wangu tulikwenda kwanza kitaluni. Kitalu ni sehemu ndogo ya kukuzia miche ya mpunga kabla ya kuihamishia shambani. Mwaka ule ndege walimaliza karibu mbegu zetu zote. Tukabaki na debe moja. Nalo likipotea, mwaka mzima hatuna chakula.

"Safari hii hawapati hata punje," mume wangu akasema.

Tukamwaga nusu debe. Akafunika kwa turubai jeusi, akalibana kwa mawe. Nusu ya pili tulichelewa kuiloweka. Tukaimwaga kando, siku tano baadaye. Akaifunika vilevile.

"Hii miche si itakosa mwanga?" nikauliza.

"Mama watoto, mbegu huota gizani, ardhini. Leo ndiyo unajua?"

Mdomo wangu huwa haulali, lakini siku hiyo, jamani, ulilala. Majuto ni mjukuu.

Siku ya kumi tangu tumwage ile ya kwanza, tukafunua zote. Miche ya kwanza ilikuwa mirefu, myembamba, ya njano, imelala chini. Ya pili ilikuwa mifupi, nayo ya njano. Mume wangu akakaa kwenye tope.

"Tumekwisha," akasema.

Nililia. Akainuka aing'oe yote, nikamshika mkono. "Tumwite bibi shamba kwanza."

Huyo ni mtaalamu wa kilimo wa kwetu. Alikuja, akachuchumaa, akashika jani.

"Mbegu ina akiba ya chakula ndani," akasema. "Akiba hiyo ni ya kuotea tu. Ikiisha, jani hujitengenezea chakula kwa mwanga. Ile rangi ya kijani ndiyo inayofanya kazi hiyo. Gizani haipatikani."

"Tukiiweka kwenye mwanga itapona?" nikauliza.

"Hii mifupi, ndiyo. Majani yake bado machanga, yatageuka kijani upesi. Hii mirefu, mingi itakufa. Jani likizeekea gizani, hata ukilipa jua lote halifanyi kazi vizuri tena. Siwadanganyi."

Mume wangu akashika turubai alivute lote.

"Taratibu, baba. Jua la mchana litaiunguza. Siku tatu za kwanza ipeni jua la asubuhi na jioni, mchana iwekeeni kivuli chepesi. Ndege wazuieni kwa wavu. Wavu unapitisha mwanga."

Tulifanya hivyo. Siku ya pili mifupi ikawa ya kijani. Mirefu ilikauka ncha, ikaoza. Mume wangu aliizoa kwa mikono.

Tulipanda nusu ya shamba. Nusu nyingine ilibaki maji na magugu, na nilichukia kupita pale. Mavuno hayakutosha. Miezi mitatu tulikula mara moja kwa siku. Watoto tuliwalaza mapema ili wasiombe chakula. Hilo sijalisahau, wala sitaki kulisahau. Lakini mbegu tulizoweka kwa msimu uliofuata hatukuzigusa.

Msimu uliofuata tulitandika wavu tangu siku ya kwanza. Miche ilichomoza ikiwa imenyooka, ya kijani, kitalu kizima. Mume wangu aliitazama. Kisha akanigeukia.

"Mama watoto, wewe unaonaje? Tuihamishe lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza.