Kiti cha Fundi Viatu

Kila alasiri, Chiriku wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo kwa domo lake lisilopoa, alipita kumwamkia fundi viatu. Mwalimu aliwaagiza waandike historia ya mtaa wao. Chiriku alishaandika kuhusu mnara wa saa na posta ya zamani.

"Na kiti changu je?" fundi akauliza, akigonga zege alilokalia. "Hiki ni kifuniko cha kisima. Hesabu mikwaruzo."

"Saba, babu. Ya mchezo?"

"Ya watu waliokufa. Vyoo vilivujia kisimani, kipindupindu kikaingia. Huyu wa kwanza ni dada yangu. Kisima tukakiziba wenyewe."

Akamtajia wote saba. Siku hiyo Chiriku alifika nyumbani kimya, mpaka mama akamgusa paji la uso.

Wiki iliyofuata mabomba yakakauka. Siku ya nne fundi alikwenda kliniki. Hapo dobi wa mtaa akaja na mtaimbo kung'oa kifuniko, nyuma yake foleni ya ndoo. Chiriku akakimbia, akakalia zege.

"Toka, mtoto."

"Sitoki."

"Watu wana kiu, na maji umeyakalia!"

"Wenzetu waliyanywa, mjomba, wakafa."

Watu wakacheka. "Leo kifaranga anamfundisha kuku kutaga!"

Mama yake alikuwa kwenye foleni, ndoo mkononi. "Usiniaibishe! Inuka!"

"Mama, viboko nitavipokea nyumbani. Hapa siinuki." Akafungua daftari. "Dada yake fundi. Mke wa kinyozi. Mapacha wa mshonaji. Mwalimu wa kwanza. Mtoto wa muuza mkaa. Wa saba, dobi wa kwanza wa mtaa huu."

Kicheko kikakatika. Dobi akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mwisho.

"Babu yangu," alisema. "Nyumbani husema tu alifariki ghafla."

Akauweka mtaimbo chini, akaenda kuleta mkokoteni wake. "Leteni ndoo. Mtaa wa pili bomba linatoa maji, ni mbali tu. Nitawasombea."

Mama akaketi kwenye zege, bega kwa bega na binti yake.

"Nilikuwa wa tatu kwenye foleni," alisema, "na ningewanywesha wanangu maji haya kwa mikono yangu. Sikilizeni, nyie watoto mlioshika ndoo: kilichofungwa na wazee, ulizeni sababu kabla ya kukifungua. Na maji, yatoke popote, yachemsheni. Ndoo tupu huchosha. Ndoo chafu huzika."

"Na viboko, mama?"

"Kaa hapo hapo mpaka fundi arudi."